Maswali ya Wasomaji: Madaraja ya Tanzania, Kuanzia Nyaya za Tanzanite Hadi Mawe ya Kigoma

Tulipoomba maswali kuhusu madaraja, barua nyingi zilizokuja ziliuliza habari za juu: nyaya, taa, urefu, nani kajenga. Chache sana ziliuliza habari za chini ya maji. Hatuwalaumu wasomaji, maana juu ndiko kunakopendeza kupiga picha. Lakini daraja huamuliwa na mto na udongo, na huko ndiko pia linakoangukia, kwa hiyo mtatuona tunarudi chini mara kwa mara hata pale msomaji alipouliza ya juu.

Nimepita Daraja la Nyerere pale Kigamboni, nimepita Tanzanite, na sasa nimepita Kigongo–Busisi kule Mwanza. Yote yana minara na nyaya. Je, ni aina moja ya daraja?
*Msomaji, Kigamboni*

Si aina moja, na tofauti yake unaiona kwa macho ukijua pa kutazama.

Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa tarehe 19 Aprili 2016 likiwa na urefu wa mita 680 na njia sita za magari, ni daraja la kuning'inizwa kwa nyaya. Hapo nyaya ndizo zinazobeba uzito wa sehemu ya kati na kuupeleka kwenye minara. Ili waya unyanyue vizuri lazima uwe na mteremko mkali, na mteremko mkali unataka mnara mrefu. Kwa kawaida mnara huinuka juu ya barabara kwa kiasi cha robo hadi moja ya tano ya nafasi kubwa iliyopo kati ya minara.

Tanzanite, lenye urefu wa kilomita 1.03, na Kigongo–Busisi, lenye kilomita 3, ni ya aina ambayo wahandisi huiita ekstradosi. La kwanza lilizinduliwa tarehe 24 Machi 2022 na la pili tarehe 19 Juni 2025. Minara yake ni mifupi: katika aina hii huwa kati ya moja ya nane na moja ya kumi na tano ya nafasi ya kati. Nyaya zimelala. Waya uliolala haunyanyui sana. Kazi yake kubwa ni kulibana boksi la zege, yaani boriti yenye uwazi ndani inayobeba barabara, kwa urefu wake ili lisipasuke upande unaovutwa. Uzito mwingi unabebwa na boksi lenyewe, ndiyo maana ni nene kuliko la daraja la kuning'inizwa.

Mbona wasijenge aina moja kila mahali? Boriti ya zege isiyo na nyaya hufanya kazi vizuri hadi nafasi ya takriban mita 100. Zaidi ya hapo inakuwa nzito kiasi kwamba nguvu zake nyingi zinaishia kujibeba yenyewe. Daraja la kuning'inizwa lenye minara mirefu linaanza kulipa pale nafasi inapokuwa mita 200 au zaidi. Ekstradosi inaingia katikati. Ina faida nyingine isiyoonekana: magari yakipita, mvuto ndani ya nyaya zake haupandi na kushuka sana, kwa hiyo waya hauchoki haraka na unaruhusiwa kuvutwa hadi kama asilimia 60 ya nguvu yake ya kukatika, wakati katika daraja la kuning'inizwa mazoea ni asilimia 45 hivi.

Ukivuka tena pale Mwanza, angalia jambo moja: nyaya ziko sehemu ya kati tu, ambako nguzo zimeachana zaidi. Kilomita zilizobaki ni boriti za zege za kawaida juu ya nguzo zilizopangwa karibu karibu. Hizo hakuna anayezipiga picha, na ndizo zilizokula sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu kila nguzo ilitaka msingi wake uliozamishwa chini ya kitanda cha ziwa.

Jina la Daraja la "Selander", Dar es Salaam, lilitoka wapi?
*Msomaji, Upanga*

Kwa John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma Tanganyika wakati wa Waingereza. Daraja lenyewe ni la mwaka 1929. Kabla Tanzanite halijapewa jina lake, watu walikuwa wakiliita "Selander Jipya", na wengine bado.

Mwezi Mei 2024 tulikwama Somanga, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi imekatika. Lakini Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji, ambao ni mkubwa kuliko vijito vyote vile, lilikuwa limesimama. Inakuwaje mto mkubwa usivunje na vijito vivunje?
*Dereva wa basi, Mbagala*

Swali zuri kuliko yote tuliyopokea, na jibu lake ni refu.

Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Lina urefu wa mita 970, na kabla yake watu wa kusini walikuwa wakisubiri kivuko pale Ndundu, mvua zikizidi safari ndiyo imekwisha. Urefu ule si wa kifahari. Mto Rufiji ukijaa hutapakaa kwenye tambarare, na daraja limeachiwa nafasi ya kupitisha maji hayo bila kuyabana. Kijito kinachokauka miezi minane kwa mwaka hakipewi heshima hiyo. Kinawekewa kalavati mbili tatu, yaani matundu ya kupitisha maji chini ya barabara, na tuta la udongo juu yake, kwa hesabu ya mvua za kawaida. Ikija mvua kama ile ya Mei 2024, iliyoambatana na Kimbunga Hidaya, maji yanakuwa mengi kuliko tundu, yanapanda nyuma ya tuta, halafu yanavuka juu ya lami.

Hapo ndipo uharibifu unapoanza, na unaanzia upande ambao dereva hautazami, yaani upande wa chini maji yanakokwenda. Maji yakishavuka lami yanaporomoka kwa kasi kwenye mteremko wa tuta, yanakula udongo kuanzia miguuni na kurudi nyuma kuelekea barabarani. Lami inabaki inaning'inia kama ulimi, haina kitu chini. Abiria anayesimama ukingoni kuangalia maji amesimama juu ya sentimita tano za lami na hewa. Usisimame hapo. Na usijaribu kuvuka kwa gari: maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo, na yenye sentimita 60 huchukua magari mengi, hata yale ya juu yanayosukumwa na magurudumu yote manne.

Basi ukisikia "daraja limesombwa", uliza kwanza kama ni daraja au ni tuta la kuingilia. Mara nyingi nguzo na boriti zimebaki zimesimama katikati ya mto, barabara imeondoka pande zote mbili.

Daraja lenyewe linapoanguka, sababu ya kawaida ni maji kuchimba msingi. Maji yanayokuja kwa kasi yakigonga uso wa nguzo hayana pa kwenda. Sehemu inapinda kushuka chini, inajizungusha kwenye mguu wa nguzo na kuchimbua mchanga. Kwa nguzo iliyoelekezwa sawa na mkondo, shimo hilo laweza kufika kina cha mara 2.4 ya upana wa nguzo. Yaani nguzo ya upana wa mita 1.5 yaweza kuchimbiwa na maji hadi mita 3.6. Gogo kubwa likinasa pale, mto unaiona nguzo kama imenenepa, na shimo linazidi. Mkondo ukihama na kuanza kuipiga nguzo ya umbo la ukuta kwa ubavu, hali inakuwa mbaya zaidi. Ndiyo maana nguzo za mto mkubwa wa mchanga husimamishwa juu ya pailo, zile nguzo ndefu za zege zinazozamishwa ardhini, ili mchanga wa juu ukiondoka daraja libaki limeshikwa na tabaka la chini.

Ubaya wa shimo hili ni kwamba linajificha. Mafuriko yakipungua, mto unarudisha mchanga na kulijaza. Mkaguzi anayekuja Agosti anaona kitanda cha mto kimesawazika na anaandika "hali nzuri". Kuna njia mbili rahisi za kutodanganywa. Ya kwanza ni kupima wakati maji yamejaa: unasimama darajani upande maji yanakotoka, unashusha kamba yenye alama kila nusu mita na chuma kizito mwishoni, kwenye kila nguzo, kisha unalinganisha na vipimo vya mwaka uliopita. Ya pili ni ya kiangazi: chukua nondo ya milimita 16 yenye ncha, ichomeke kwa mkono karibu na nguzo. Mchanga uliojazwa juzi unapokea nondo kwa urahisi. Ukifika udongo wa zamani inagoma. Kina ilikogomea ndicho kina cha shimo la mafuriko yaliyopita.

Kwa tuta, kinga ni gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, na mawe yenyewe yawe ya sentimita 10 hadi 25. Madogo kuliko hapo yanatoka kwenye matundu ya waya. Chini yake lazima kuwe na kitambaa cha kuchujia au tabaka la kokoto. Wengi huliruka hilo ili kuokoa fedha, kisha maji yananyonya udongo kupitia mawe na gabioni inazama taratibu ikiwa nzima kabisa. Mguuni pa mteremko zulia la mawe liendelee mbele, kiasi cha mara mbili ya kina unachotarajia maji yachimbe, ili shimo likitokea zulia lijikunje na kulifunika.

Kwa nini pale Jangwani, Dar es Salaam, wasijaze kifusi tu barabara ipande juu ya mafuriko? Si ni rahisi kuliko daraja?
*Msomaji, Magomeni*

Kifusi kingekuwa bwawa. Mto Msimbazi ukizuiwa na tuta refu, maji yatakayoshindwa kupita yatarudi nyuma kwenye nyumba za watu wa juu, na siku tuta litakapokatika yatashuka kwa mkupuo kwa watu wa chini. Mahali kama pale barabara inatakiwa ipite juu ya nguzo ili bonde libaki wazi. Kuna tatizo la pili: Msimbazi unabeba mchanga na taka nyingi, na kitanda chake kinapanda. Tundu lililotosha jana leo limejaa nusu. Daraja la juu lisipoendana na usafishaji wa mto, baada ya miaka utauliza swali hilihili.

Kijiji chetu kina mto wa upana wa mita 6 hivi. Tumesikia Kigoma wanajenga madaraja ya mawe bila nondo, kwa gharama ndogo. Je, yanabeba lori kweli? Na sisi tukitaka tuanzie wapi?
*Mjumbe wa kamati ya maendeleo ya kijiji*

Yanabeba. Tao la mawe halihitaji nondo kwa sababu kila jiwe ndani yake linabanwa tu, halivutwi, na jiwe hupenda kubanwa. Mkoani Kigoma madaraja ya namna hii yamejengwa mengi chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Ubelgiji, Enabel, na mtindo huo sasa umeenea mikoa mingine. Unafuu wake unatokana na mambo mawili: nondo haipo, na jiwe linapatikana jirani. Kama jiwe lenu liko umbali wa kilomita 60, pigeni hesabu upya.

Muanzie kwa mhandisi wa TARURA wa wilaya na Bodi ya Maji ya Bonde lenu, kwa sababu daraja mtoni linataka kibali. Yanayofuata hapa ni ya kuwasaidia kuzungumza naye mkijua mnachosema, si ya kujenga bila yeye.

Kwanza maji. Waulizeni wazee mafuriko makubwa kabisa yalifika wapi, mpime upana na kina chake pale. Tuseme upana mita 7, kina cha wastani mita 1.5: eneo ni mita za mraba 10.5. Mto ukijaa, rusheni kijiti, mpime sekunde kinazotumia kwenda mita 20; kasi hiyo mzidishe kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Kasi baada ya kuzidisha ikiwa mita 2 kwa sekunde, mto wenu unapitisha mita za ujazo 21 kila sekunde. Tao la nusu duara la upana wa mita 6 lina uwazi wa mita za mraba 14, kwa hiyo linatosha na nafasi ya magogo inabaki. Hesabu ingetoka kinyume, mngehitaji matao mawili au mahali pengine.

Pili ardhi. Tao linasukuma miguu yake nje. Miguu ikisogea hata sentimita chache, tao linafunguka katikati, juu kabisa. Kwa hiyo chimbeni hadi mwamba au changarawe ngumu, na pasipo mwamba kina kisipungue mita 1.5 chini ya kitanda cha mto. Mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, si mahali pa tao. Hapo tunasema acheni.

Umbo: nusu duara ndilo la kusamehe makosa, kwa kuwa msukumo wake mwingi unakwenda chini. Tao la bapa zaidi linapunguza kimo cha barabara ila linasukuma nje kwa nguvu, linataka kuta za pembeni nene. Kwa mita 6 nusu duara linainuka mita 3. Ongezeni unene wa tao sentimita 50 na kifusi cha juu sentimita 30, barabara inafika mita 3.8 juu ya mguu wa tao. Kama ukingo wenu uko mita 2 tu juu ya mguu huo, mtahitaji kupanda mita 1.8, yaani mteremko wa mita 18 kila upande kwa kipimo cha 1 kwa 10. Watu husahau kifusi hiki kwenye bajeti.

Vipimo vya kuanzia, kwa daraja la upana wa mita 4.5: tao sentimita 50, kuta zinazobeba miguu mita 1.5 kwa unene. Tao peke yake ni mita za ujazo 23 za kazi ya mawe. Kuta mbili zenye kimo cha mita 2.5 pamoja na msingi ni kama 34. Theluthi moja ya ujazo wa kazi ya mawe huwa mota, na mota ya saruji 1 kwa mchanga 4 hula takriban mifuko 7 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Tao litataka mifuko 55, kuta 80. Hapo bado kuta za mabawa na kuta za pembeni zinazozuia kifusi juu ya tao. Mawe agizeni kwa asilimia 20 zaidi ya ujazo wa ukuta, kwa sababu yakiwa lundo yana nafasi nyingi katikati.

Jiwe liwe gumu, lenye pembe, urefu wa sentimita 20 hadi 50. Ligongeni kwa nyundo: likilia ni zuri, likitoa sauti ya kufa au kumeguka liachwe. Mawe ya mviringo ya mtoni hayashikani, yapasueni kwanza. Yaoshwe. Jiwe lenye udongo halishiki mota hata saruji iwe nyingi namna gani, na kosa hili ndilo tunalolikuta mara nyingi kuliko yote.

Kazi ifanyike kiangazi, Juni hadi Septemba kwa mikoa ya magharibi. Fomu ya mbao, yaani umbo linalobeba mawe hadi mota ikauke, inachorwa chini kwa kigingi na kamba: kamba iwe mita 3 ukitoa unene wa mbao za juu. Mtahitaji fremu nane za nusu duara, zipangwe kila sentimita 65, zikisimama juu ya mirunda. Mirunda isisimame kwenye tope, iwekewe mawe bapa au mbao chini. Kati ya mrunda na fremu ingizeni kabari za mbao mbili mbili, ambazo ndizo zitakazowaruhusu kushusha fomu polepole mwishoni.

Mawe yapangwe kuanzia miguuni, pande zote mbili kwa pamoja. Upande mmoja usiuzidi mwingine kwa zaidi ya mstari mmoja wa mawe, la sivyo fomu itainama na tao litaponyoka umbo. Kila jiwe lielekee kitovu cha duara: pigeni msumari pale kitovu kilipo, fungeni kamba, na kila mstari ulinganishwe na kamba hiyo. Fundi asiyetumia kamba ataanza kulaza mawe kama ya ukuta wa nyumba, na tao la namna hiyo linabebwa na mota tu. Mapengo makubwa yajazwe vipande vya mawe vilivyogongwa viingie, si mota tupu. Mstari wa mwisho wa kufungia juu ukamilike siku moja, upana wote, mawe yakigongwa yabane.

Mwagilieni maji kwa siku saba, mkifunika kwa magunia. Fomu ikae siku 21. Kisha legezeni kabari kidogo kidogo, zote kwa zamu, kuanzia katikati kuelekea miguuni. Tao litashuka milimita chache, hilo ni la kawaida. Ufa unaopita upana wote katikati si wa kawaida. Rudisheni kabari na mwiteni mhandisi.

Kifusi cha changarawe kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, tabaka moja kulia, moja kushoto. Lori likimwaga mzigo mzima upande mmoja linalisukuma tao kwa ubavu, na matao yaliyovumilia jua na mvua yameharibikia hapo, siku ya mwisho ya kazi. Wekeni mabomba ya inchi 2 au 3 kwenye kuta ili maji yaliyoingia ndani yatoke.

Nikipita juu ya daraja refu tairi zinagonga "tak, tak" kila baada ya umbali fulani. Na chini nimeona mipira myeusi kati ya nguzo na boriti. Ni ya nini?
*Msomaji, Ikwiriri*

Zege hurefuka likipata joto. Kwa tofauti ya nyuzi 20 za joto, mita 970 za zege hurefuka kwa jumla ya sentimita 21 hivi. Zikizuiwa zitasukuma nguzo au kupasua ncha. Ndiyo maana barabara ya juu inaachiwa mianya yenye chuma na mpira, na boriti hukalia mipira ile, yenye sahani za chuma ndani, inayoruhusu kusogea huku na huku bila kubonyea. Mwanya ukijaa mchanga hausogei tena. Ukivuja, maji yanatiririka hadi kwenye ncha za boriti na kuozesha nondo, na hapo ndipo kutu ya daraja la zege huanzia mara nyingi. Kufagia mianya na kuzibua mabomba ya maji ya mvua ni kazi ya fagio na koleo. Hakuna matengenezo ya daraja yaliyo rahisi kuliko hayo, wala yanayosahauliwa kuliko hayo.

Wanatusumbua mizani: tani 10 kwa ekseli. Daraja linajali ekseli au uzito wote?
*Dereva wa lori, Chalinze*

Linajali vyote, inategemea urefu wa nafasi. Kwenye kalavati ya mita 3 ni ekseli moja au kundi moja tu linaloingia kwa wakati, kwa hiyo ekseli ndiyo inayoumiza. Kwenye nafasi ya mita 40 lori zima limo ndani, na la nyuma yako pia limo, kwa hiyo jumla ndiyo inayohesabiwa. Sheria ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima. Ile kanuni kwamba ekseli ya tani 12 huharibu mara mbili ya ile ya tani 10 ni ya lami zaidi kuliko madaraja. Kinachoumiza daraja jembamba la zamani ni malori mawili mazito kufuatana bampa kwa bampa, na kufunga breki katikati yake. Achieni nafasi.

Daraja jipya la Wami ni refu mno kuliko la zamani, na mto ni uleule. Si ubadhirifu? Na ni kweli TAZARA ina daraja la juu kuliko yote?
*Msomaji, Segera*

La zamani, la mwaka 1959, lilikaa chini karibu na maji, likawa fupi. Gharama yake ililipwa na madereva: kushuka mteremko mkali wenye kona, kuvuka kwenye wembamba, kisha kupanda tena. Jipya lina mita 513.5 kwa sababu linapita juu, kutoka bega moja la bonde hadi la pili, ili barabara isishuke sana. Magari mazito hayafeli breki mahali pasipo na mteremko.

Reli inabanwa zaidi na jambo hilo, kwani treni hushindwa mteremko ambao lori huupanda likiimba. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapopanda kutoka Mlimba kwenda Makambako ilibidi ifuate kimo chake bila kujali mabonde. Ndiyo maana mahandaki yake mengi kati ya 22 yako hapo, na Daraja la Mpanga likainuliwa kwenye nguzo za karibu mita 50. Kuhusu "kuliko yote" hatutatoa medali, lakini ukiwa dirishani ukitazama chini utaelewa kwa nini abiria hunyamaza.

Barabara ikikatika wanajeshi huleta daraja la chuma la vipande. Linafungwaje bila winchi?
*Mwanafunzi wa ufundi, Morogoro*

Hilo ni daraja la Bailey, lililobuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kipande chake cha msingi ni fremu ya chuma ya urefu wa mita 3.05 na kimo cha mita 1.5, yenye kilo kama 260, uzito wa kubebwa na watu sita. Fremu huungwa kwa pini. Daraja lote hufungwa ukingo mmoja juu ya magurudumu ya chuma, likiwa na pua nyepesi ya fremu tupu mbele, halafu husukumwa polepole kuvuka mto. Siri yake ni kwamba sehemu ya nyuma, iliyo bado nchi kavu, iwe nzito kuliko iliyo hewani mpaka pua iguse ng'ambo. Kisha pua inafunguliwa. Uzito wa magari ukiwa mkubwa, fremu hupangwa mbili au tatu sambamba kila upande, au kupandishwa ghorofa.

Linaharibikia kwenye makalio yake, yaani pale ncha zinapokaa juu ya ukingo uliolowa. Ncha moja ikizama sentimita 10, fremu zinajikunja na pini zinabeba mzigo usio wake. Kila asubuhi angalieni kama vibanio vya pini vipo, maana mtikisiko huvilegeza na wauza chuma chakavu huvipenda, kisha pimeni ncha kwa pima maji. Gari moja kwa wakati mmoja, mwendo wa kutembea, na uzito usizidi ule ulioandikwa kwenye kibao cha kuingilia.